Plagini Zilizobatizwa

Sehemu ya tano

Wewe ambaye juma lililopita gazeti lako lilifungia samaki kabla hujalisoma, sogea, nikuweke sawa upesi.

Naitwa Keren. Nina diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, na ndimi ninayetunza site, yaani tovuti, ya jumuiya yetu, sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tunaofanya biashara hapa Lubumbashi. Anwani ya site imeandikwa kwa rangi nyekundu nyuma ya kila lori letu. Kutoka Butembo mpaka Kasumbalesa, hakuna aliyewahi kukwama nyuma ya lori letu asiijue kwa moyo.

Tangu Goma ilipoanguka vitani watu wametawanyika. Simu zinaibwa njiani, na namba zinaondoka pamoja na simu. Lakini anwani ya site haiibwi. Ndiyo sababu ukurasa wetu mmoja una thamani kuliko nyingine zote. Unaitwa Niko Hapa. Ukifika mahali ungali hai, unaazima simu ya mtu, unaandika: niko hapa. Ndugu yako anasoma, analia, anakuja kukuchukua.

Na ukurasa huo ukawa mweupe kama unga wa bukari, ugali wetu.

Juu, picha ya Président wa jumuiya. Chini, namba ya simu ya Président. Katikati, hakuna kitu.

Wakati huohuo site inaendelea kunitumia taarifa kwenye simu: kuna ujumbe mpya, ameandika fulani. Jina tu, bila maneno. Majina yalikuja mengi. Kuna mwanamke mmoja, Constance, nisiyemjua, aliyekuwa akiandika kila siku bila kuchoka. Na jana asubuhi likaja jina lililonifanya nimwage chai: Domitille.

Domitille ni dada yangu mkubwa; yaya, kwa lugha yetu. Alitoka Goma na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo hatujasikia hata pumzi yake. Sasa ameandika, na mimi, fundi wa site, siwezi kumsoma.

Juma lililopita nilikuacha kwenye ule weupe; jina la Domitille ni jipya. Sasa sikiliza upumbavu uliofuata.

Plagini ni programu ndogo unayoibandika kwenye site ili ifanye kazi moja. Hii inaonyesha ramani, ile inahesabu wageni. Zinapogombana, site inaumwa. Dawa yake kila fundi anaijua: unazima zote, unawasha moja moja, na ile inayorudisha ugonjwa ndiyo mkosaji. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Kwa wengine. Si kwetu.

Kwetu, kila plagini ina parrain, baba yake wa ubatizo.

Usicheke bado. Site ilipozaliwa, hakuna aliyeijali. Basi Président wetu, Papa Anaclet, akaleta desturi ya kanisani. Kanisani anayetoa benchi, jina lake linaandikwa kwenye benchi. Anayetoa spika anavaa suti mpya siku spika inapoombewa. Papa Anaclet akasema kila plagini nayo ipate mzazi. Tukatandika kitambaa cheupe, nikaweka laptop juu yake, mchungaji akaweka mkono wake mzito juu ya vitufe na kuandika mistari mitatu ya herufi ambazo hazipo katika lugha yoyote. Wazazi wakashika mishumaa. Tukapiga picha. Tukala mbuzi.

Plagini zenyewe zilikuwa za bure. Nilimwambia Papa Anaclet.

“Mutoto nayo njo ya bure,” akanijibu kwa Kiswahili chetu, ambamo ‘njo’ ni ‘ndiyo’ na ‘bantu’ ni ‘watu’, “lakini iko na baba.”

Basi leo mchana nikawaita wazazi wote kwenye depo ya Papa Anaclet, ghala lake la mjini kati, wakakaa juu ya magunia ya maharage. Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ilikuwa ikikohoa nje.

“Ninaomba kuzima plagini zote,” nikasema.

Hata jenereta ilionekana kushusha sauti.

“Kuzima nani?” akauliza Papa Sylvain. Huyu ana malori barabarani na plagini moja kwenye site, iitwayo Njia, inayoonyesha kila lori liko wapi.

“Zote, papa. Kwa muda mufupi tu.”

“Unataka kuzima mutoto yangu mbele ya macho yangu?”

“Papa, ni plagini.”

“Ilibatizwa, ao haikubatizwa?”

“Ilibatizwa.”

“Na mbuzi, nilichinja ao sikuchinja?”

“Ulichinja, papa.”

“Na maini, nani alikula?”

Nilikula mimi.

Raoul, makamu wa Président, akasimama na kufunga kifungo cha koti. Ni kijana ambaye hata akienda kununua vocha anavaa tai. Yeye ni parrain wa Mgeni, plagini inayohesabu wanaotembelea site.

“Tufuate protocole,” akasema. “Tuanze na ile ya chini kabisa, tupande pole pole.”

“Ya chini njo ya nani?” akauliza Papa Sylvain.

Jicho la Raoul lilikwenda kwa Papa Sylvain, likarudi.

“Unaniangalia miye? Kuhesabu bantu, ile ni kazi? Hata receveur, konda wa bus, anahesabu bantu!”

“Na kuonyesha camion iko imeharibika wapi, njo kazi ya maana?”

Wakasimama wote wawili. Gunia moja likapasuka, maharage yakakimbia sakafuni kama yaliyoitwa.

Nilimtazama Papa Anaclet, nikitegemea apige meza kama anavyofanya siku zote. Hakupiga. Alikuwa amekaa na kofia yake ya Président, ile nyeusi yenye utepe, na tai yake ya Président, akiangalia maharage yanavyotembea.

“Bandugu,” akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyefunga siku kadhaa. “Site ikiumwa, tuiache ipumuzike. Vita nayo itaisha. Bantu batarudi, batatuambia na kinywa yabo bintu yenye bilibapata.”

Nilishangaa. Huyu ndiye mtu ambaye taa ya choo ikiungua anaitisha kikao. Nakiri sikushuku kitu. Nilidhani amechoka.

“Papa,” nikasema, na sauti yangu ikapanda yenyewe, “yaya Domitille ameandika! Jina lake iko hapa ku simu yangu, maneno yake iko ndani ya ile ukurasa. Pengine eko anasema ‘kuyeni munichukue,’ na siye tunapigania nani wa chini, nani wa yulu! Kama hamutaki nizime, nitazima hivyo hivyo. Kesho munifukuze.”

Kisha mama mmoja akainuka kwenye gunia la nyuma, akakung'uta kikwembe, kitenge chake.

Ni Mama Simone, mke wa Papa Anaclet. Ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule tangu wazazi wetu walipofariki na nyumba yao kunipokea. Yeye ni marraine, mama wa ubatizo, wa Maua, plagini inayoangusha maua juu ya ukurasa siku za harusi na siku za kilio.

“Mutoto eko anatafuta dada yake,” akasema. “Zima ya kwangu ya kwanza.”

Baada ya mke wa Président kutoa plagini yake, nani angekataa? Papa Sylvain akakubali huku akinung'unika. Raoul akakubali kwa sharti kwamba iandikwe kuwa alikubali.

Alibaki Mama Régine.

Mama Régine anauza samaki wa chumvi kwa jumla, na sauti yake haihitaji spika. Plagini yake inaitwa Neno. Kila asubuhi inaweka aya ya Biblia kwenye site.

“Neno ya Mungu haizimwe,” akasema.

“Mama, ni kwa kitambo tu.”

“Kwa hiyo Mungu anyamaze, dada yako aseme?”

“Mungu hanyamaze, mama. Ni plagini njo inanyamaza.”

“Na kama muntu anafungua site ile saa, anatafuta faraja, anakuta kimya? Ile zambi itakuwa ya nani? Ya kwako, ao ya ile laptop?”

Diploma yangu haikufika huko.

Mama Régine akafikiri. Akafungua mkoba, akatoa Biblia iliyovimba kwa kutumika.

“Zima,” akasema. “Lakini wakati yangu iko imezimwa, nitasoma miye mwenyewe, na sauti ya yulu, hapa hapa. Neno isikatike.”

Nikafikiri tumemaliza. Papa Sylvain akainua mkono.

“Kama ya Régine inaendelea kwa kinywa, na ya kwangu itaendelea kwa kinywa. Nitapigia bachauffeur, nitatangaza camion iko wapi.”

“Papa, hakuna mwenye atasikia.”

“Mungu atasikia ya Régine, atakosa kusikia ya kwangu?”

Raoul alikwisha kwenda kusimama karibu na geti, kwa sababu mgeni anahesabiwa mlangoni. Mama Simone akatoka uani, akavunja matawi ya bougainvillea kwenye ukuta, akarudi na mikono imejaa maua, akasimama nyuma ya kiti changu.

Huko nje wapita njia walikuwa wameanza kuchungulia. Papa Anaclet akaamuru: “Funga geti! Hakuna mwenye anatoka ao anaingia mpaka batoto bote bawake tena.”

Mama Simone akafunga geti, akafundika ufunguo kwenye pindo la kikwembe chake, akarudi kwenye maua yake.

Nikazima zote.

Ndugu msomaji, nimefanya kazi katika mazingira magumu. Nimetengeneza kompyuta juu ya kaburi, kwa sababu network ilishika pale peke yake. Lakini sijawahi kuona kama leo.

Mama Régine alifungua kwenye vizazi, pale ambapo huyu anamzaa yule na yule anamzaa mwingine, akaanza kusoma kwa sauti ya kusimamisha basi. Papa Sylvain, simu sikioni, alikuwa akipiga kelele juu yake:

“Camion ya Mwansa imetoka Kasumbalesa! Iko imebeba unga na bantu!”

“Sylvain, umenipoteza,” akasema Mama Régine, akarudi mwanzo wa ukoo. Kila lori lilipotajwa, wazee wale wa zamani walizaliwa upya.

Maua yalikuwa yakiniangukia kichwani, yakiingia kati ya vitufe. “Mama Simone, tafazali.” “Fanya kazi yako, mutoto. Na miye nifanye ya kwangu.”

Huko getini Raoul alikuwa akimhesabu mlinzi wa depo kila alipopita mbele yake kwenda chooni.

“Lakini ni miye yule yule, chef!”

“Ulipita, umerudi. Kwa compteur, weye ni bageni babili.”

Na hapo, lazima niwe mkweli, alikuwa sahihi. Plagini yake hufanya hivyo hivyo.

Nikafungua ukurasa wa Niko Hapa.

Mweupe.

Zote zimezimwa, na ukurasa ni mweupe! Kama hakuna plagini inayofanya kazi, nani anaumiza site?

Kisha nikakumbuka. Kuna aina ya plagini isiyokaa pamoja na wenzake. Inakaa kwenye chumba chake nyuma ya nyumba, na ukisema zima zote, amri haifiki huko. Mimi sikuwahi kuweka kitu katika chumba hicho. Na ili kukifungua kunahitajika code, msimbo wa siri, na code inatumwa kwenye simu ya mwenye site, yaani Papa Anaclet.

“Papa, nisomee code. Imefika kwako sasa hivi.”

“Simu yangu imekufa.”

Kitu kikalia ndani ya mkoba wa Mama Simone.

“Imekufa wapi?” akasema mama. “Niliicharger miye mwenyewe asubuhi.” Akaitoa, akaiweka mbali na macho kama wafanyavyo wasiotaka miwani, akanisomea code herufi kwa herufi, huku ua moja limenasa kwenye kidole chake.

Nikaingia. Chumba hakikuwa kitupu.

“Kuna moja huku,” nikasema. “Haina picha, haina jina ya parrain.”

Mama Régine akakatika katikati ya ukoo. Papa Sylvain akaondoa simu sikioni.

“Haikubatizwa?” akanong'ona Mama Régine.

“Haikubatizwa.”

“Kwa hiyo ni mutoto wa inje!”

Ukitaka kuona depo nzima inaapa kwa wakati mmoja, ungekuja leo. “Miye ya kwangu ni moya tu, inajulikana!” akapaza Papa Sylvain, akipiga kifua. “Baba yake ajitokeze, protocole inaomba!” akalia Raoul kutoka getini. Mama mmoja ambaye hana hata plagini alisema yeye toka zamani alisema.

Papa Anaclet peke yake hakuapa.

Nikaifungua. Ilikuwa fupi, imeandikwa ovyo, na maana yake ni hii: ujumbe wowote wenye neno lifuatalo, ufiche. Na neno lenyewe, peke yake mwishoni, lilikuwa: anaclet.

Nikalisoma tena. Kisha nikaelewa, na nikataka kucheka na kulia.

Wewe si wa jumuiya yetu, kwa hiyo nikueleze. Kwetu, hakuna anayeandika wala kusimama kusema bila kwanza kumsalimu Président kwa jina. Ni heshima. Hata mtu anayekimbia risasi, akipata simu ya kuazima yenye chaji ya kuhesabu, anaandika kwanza: Salamu kwa Papa Président Anaclet. Halafu ndipo anasema kama yuko hai.

Wote walisalimu. Wote wakafichwa. Ukurasa haukuwa umeharibika hata kidogo. Ulikuwa unatii.

Niliinua macho. Papa Anaclet alikuwa amesimama kando yangu, ameinama kama anayetazama kazi.

“Acha hii,” akaninong'oneza. “Kesho nitakuelezea.”

“Papa, ni weye uliweka?”

“Ni fundi moya wa simu wa Kasumbalesa. Miye niliomba afiche maneno ya muntu moya tu. Hakuniambia itaficha ya bantu bote.”

“Muntu gani?”

Mama Simone alikuwa ameniangushia maua mengine. Moja lilitua kwenye bega la mume wake, naye akaruka kama limemchoma.

“Keren,” akasema. “Nilikulea.”

Kweli alinilea. Nilikula mezani pake miaka yote ile, na siku ya diploma yangu alilia kuliko mimi. Sikujua nini kilikuwa nyuma ya lile neno. Nilijua tu kwamba nikifuta, kuna kitu chake kitaanguka. Na nisipofuta, dada yangu anabaki chini ya weupe, anangoja jibu.

“Camion ya Mwansa imepita péage, kwenye tunalipa ushuru ya barabara!” akapaza Papa Sylvain, ambaye alikuwa amerudi kazini.

Nikafuta. Kidole changu hakikuomba ruhusa.

Ukurasa ukajaa maneno kutoka juu mpaka chini, kama mchwa waliofunguliwa. Watu wakanirukia. “Ni mama yangu! Eko Kalemie!” akalia Raoul, ambaye aliacha geti, aliacha compteur, akasahau hata tai. Papa Sylvain akaona jina la mpwa wake, akashika kichwa. Watu wazima walikuwa wakisukumana kwa viwiko, wakiteleza juu ya maharage, wakilia.

“Musisukumane!” Mama Régine akainyakua laptop, akaiweka juu ya Biblia yake wazi. “Nitasoma miye. Bote musikie.”

Akasoma kwa sauti ileile ya vizazi. Fulani yuko hapa. Fulani yuko pale. Salamu kwa Papa Président Anaclet, mtoto amepona. Salamu kwa Papa Président Anaclet, tulivuka ziwa. Na kila alipomaliza ujumbe, depo nzima ilijibu: “Amina!”

Kisha akasoma: “Domitille.”

Nikashika ukingo wa meza.

“‘Salamu kwa Papa Président Anaclet. Keren, mudogo yangu, niko hapa. Niko muzima. Mutoto nayo eko muzima.’”

“Amina!”

Nikapiga magoti. Maharage yaliniingia kwenye ngozi, sikuyasikia. Mama Simone aliniinamia, akanishika kichwa, akilia na kucheka, akanimwagia maua yote yaliyobaki. Sijawahi kupendwa vile na mtu ambaye nilikuwa nimemfanyia nilichokuwa nimemfanyia bila kujua bado.

Mama Régine hakuwa amefika mwisho.

“‘Tuko Kasumbalesa. Tunalala nyumba moya na mama mwenye tulikutana naye njiani. Jina yake Constance, eko na mapacha. Kila siku anaandikia bwana yake hapa ku site, bwana hajibu. Analia. Anasema pengine vita ilimufikia na kule. Bwana yake njo Papa Président Anaclet.’”

“Amina!” wakajibu wote, kwa mazoea.

Halafu wakasikia walichokiitikia.

Sikujua jenereta ina kelele kiasi kile. Mkono wa Mama Simone ulikuwa bado kichwani mwangu. Haukuondoka, ila uliacha kutembea.

“Régine,” akasema pole pole. “Rudilia.”

Mama Régine alitazama laptop kama sufuria iliyochemka ikamwagikia. Sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui.

“Ni plagini,” akasema Papa Anaclet. “Simone, usisikie. Ni plagini iko inasema bongo, iko inadanganya.”

“Plagini gani?” akauliza Mama Simone. “Zote zimezimwa. Wazazi yabo bote beko hapa.”

Akamgeukia Mama Régine.

“Malizia, Régine. Kama iko inaendelea.”

Ilikuwa ikiendelea. Mama Régine aliimaliza kwa sauti ndogo, ya mtu wa kawaida.

“‘Tumepata camion yenye anwani ya site nyuma. Chauffeur anaitwa Mwansa. Anasema kesho atatufikisha mpaka ku mulango ya Papa Anaclet. Constance ameshukuru Mungu sana.’”

Ujumbe ulikuwa wa jana.

Vichwa vyote vikageuka kwa Papa Sylvain. Alikuwa amepanda juu ya gunia, simu tena sikioni, anafanya kazi ya mtoto wake. Jasho lilikuwa likimtoka. Alitaka kunyamaza, naona alitaka, lakini alikuwa amejipa kazi mbele za Mungu.

“Camion ya Mwansa,” akasema, karibu kwa kunong'ona, “iko… iko ku geti.”

Honi ikalia.

Kisha mkono ukapiga chuma. “Keren! Keren weee! Ni miye!”

Hiyo sauti ningeitambua hata chini ya maji. Nilikimbia, nikateleza juu ya maharage na maua, nikafika getini, nikalivuta. Limefungwa. Kupitia upenyo chini ya chuma niliona miguu ya dada yangu, vumbi mpaka magotini, viatu vya watu wawili tofauti.

“Yaya, niko hapa!”

“Fungua, mutoto eko na homa!”

Na nyuma yake, sauti nyingine, ya mwanamke, tamu, iliyochoka: “Anaclet? Uko? Ni siye. Tumefika.”

Niligeuka. Mama Simone alikuwa amekuja mpaka katikati ya uwanja, na watu wakimfuata kwa mbali. Alikuwa akifundua pindo la kikwembe chake. Ufunguo ukatoka.

“Simone,” akasema Papa Anaclet, “usifungue.”

“Mama, fungua,” nikasema. “Ni yaya Domitille. Mutoto eko na homa.”

Alinitazama kwa huruma, na ndiyo iliyonitisha. Kisha akamgeukia mume wake, ufunguo ndani ya ngumi.

“Weye njo ulitufundisha,” akamwambia. “Kila kintu na parrain yake. Hata bintu ya bure. Tulivaa bikwembe, tulishika mishumaa, tulipiga picha. Sasa sema mbele ya bantu, wakati wazazi bote beko hapa: bale mapacha beko inje ya geti, baba yabo ni nani? Ukisema, nafungua. Usiposema, hakuna mwenye ataingia. Ni weye ulisema hivyo. Miye natii tu.”

Dada yangu akapiga geti tena. “Keren?”

Nikashika chuma kwa mikono miwili, nikamtazama Papa Anaclet, mtu aliyenilea. Midomo yake ilifunguka.

Juu, kofia ya Président. Chini, tai ya Président. Katikati, hakuna kitu.